Chumba cha kupangisha kina sheria zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kuwahimiza wenye nyumba wapangishe vyumba visivyotumika ilinigusa, kwa kuwa nami niliwahi kufanya hivyo. Lakini haikugusia sheria hata kidogo, na hapo ndipo mimi niliponasa.

Stoo iliyoungana na nyumba yangu niliipaka rangi, nikaweka sinki na jiko, nikampa kijana mmoja ufunguo. Miezi michache baadaye akaja mkaguzi. Rangi hakuitazama. Alienda moja kwa moja dirishani, akazishika nondo, akaniuliza: "Moto ukiwaka pale mlangoni, huyu anatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Nondo nilizikata wiki ile ile, na kijana akahama.

Kumbe lile jiko nalo lilikuwa na uzito wake. Sehemu nyingi, mpangaji anayetumia jiko lenu huhesabiwa anaishi nyumba hiyo hiyo. Ukimwekea jiko na mlango wake, watu wa mipango miji wanaweza kusema umejenga makazi ya pili, na pengine eneo lenu limetengewa nyumba za familia moja moja tu. Wageni wa siku chache wana masharti yao. London, nyumba nzima haipangishwi kwa mtindo huo zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango. New York, kwa ukaaji usiofika siku 30, mwenyeji hujisajili, hulazimika kuwepo nyumbani, na wageni hawazidi wawili.

Bima pia isomwe. Kama iliandikwa kwa ajili ya familia yako peke yake na hukuiarifu kampuni ya bima, siku ya hasara inaweza kukataa kulipa. Nyumba ikiwa na mkopo, benki iulizwe.

Na mpangaji ana haki, jamani! Wapo wanaobadilisha kitasa pango likichelewa, eti nyumba ni yao. Nchi nyingi zinahesabu hilo kuwa kosa: hutolewa notisi, kisha mahakama ndiyo iamue.

Ndugu Mhariri, mtafuteni ofisa wa mipango miji ajibu maswali ya wasomaji. Langu ni hili: stoo ikishawekwa jiko bila kibali, mwenye nyumba aanzie wapi kuihalalisha?

Msomaji wenu