Logibuku inahesabu watoto, mama haimhesabu

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Wanafunzi wa uuguzi wakipelekwa leba kwa mafunzo ya vitendo, kinachowapa presha ni logibuku (daftari la kurekodi kazi zao za vitendo), lazima ijae idadi ya akinamama waliowazalisha na kila mmoja asainiwe. Sasa hapo unategemea nini? Mwanafunzi anazunguka vitandani kutafuta nani kafika sentimita 10, yaani njia imefunguka yote na yuko tayari kuzaa, akisikia kelele kitanda cha mwisho anakimbilia huko, anadaka mtoto, anasainiwa, huyoo kaondoka. Yule wa sentimita 4 anayelia peke yake tangu alfajiri hana faida kwa logibuku ya mtu.

Mi siwalaumu hao vijana, wanakimbilia kile wanachopimwa nacho. Lakini jamani kumsaidia mama kwenye uchungu ni kazi ya kufundishwa kama ilivyo kuchoma sindano, haiji yenyewe eti kwa sababu una huruma. Kuna namna ya kumkandamiza kiunoni, pale chini juu kidogo ya makalio, unatumia kiganja uchungu ukibana na ukiachia na wewe unaachia. Kuna kumwambia kabla hujampima njia, halafu unasubiri uchungu upite kwanza. Kuna kumwacha atembee, achuchumae au alale ubavu, sio kumlaza chali masaa yote kisa wodi imezoea hivyo. Na sio mambo ya upole tu haya, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2018 linataka kila mama awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe, na tafiti zinaonyesha mama mwenye mtu karibu muda wote uchungu wake unakuwa mfupi kidogo na uwezekano wa kupasuliwa unapungua.

Najua mtasema wodi zimejaa, mkunga mmoja vitanda kibao. Ni kweli kabisa, ndo maana nasema mwanafunzi ndiye pekee mle ndani mwenye muda wa kukaa, na sisi tunamfundisha kukimbia!

Mi ningeomba idadi ya kuzalisha ipunguzwe, logibuku iwekewe ukurasa wa mama aliyefuatwa toka anapokelewa mpaka kondo la nyuma limetoka na mtoto kashika titi. Na mkufunzi kabla hajasaini amuulize mama, huyu aliyekuwa na wewe anaitwa nani? Mama akiwa halijui jina, asisaini.

Mkunga wa siku nyingi