Mliopewa picha na sahibu yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimkumbuke sahibu yangu. Tulijuana tukiwa na miaka 7, na mwezi uliopita tumemzika akiwa na miaka 68. Alikuwa mchoraji wa rangi za maji.

Hakuwahi kufanya maonyesho wala kuuza picha. Akimaliza kuchora, wa kwanza kuisifia picha ndiye aliyeondoka nayo. Nilimgombeza sana: weka basi hata moja ya kwako! Akasema yeye ameshaitazama vya kutosha alipokuwa akiichora.

Siku moja aliniketisha anifundishe. Nikamwomba rangi nyeupe nipake wingu. Akanifungulia kisanduku chake: haimo. Weupe, akaniambia, ni karatasi yenyewe. Akalowesha brashi, akaipitisha buluu nyepesi mara moja tu, akazunguka, na pale ambapo mkono wake haukugusa pakatokea wingu. Nilikaa kimya kama mtoto.

Mke wangu alipolazwa, kitanda chake kilielekea ukuta mtupu. Sahibu yangu akamletea dirisha alilolichora, mbao zake na vioo vyake vinne, akalibandika ukutani. Kila jioni alikuja na kisanduku chake akaongeza kitu kimoja: ndege, kamba ya nguo, mtoto anayekimbia. Mgonjwa alikuwa akiniuliza tangu asubuhi, leo ataleta nini? Nadhani dirisha lile lilimtibu kwa namna yake.

Sasa ombi langu. Picha zake hazina sahihi, kwani hakuona haja ya kuziwekea. Wasomaji mliopewa, mnamjua bila mimi kumtaja. Tafadhali ziondoeni juani, maana rangi za maji hupauka upesi kwenye mwanga mkali, na nyuma yake mwandike jina lake kwa penseli. Msitumie kalamu ya wino. Wino hupenya ukatokea upande wa pili. Wajukuu wenu wajue ni mkono wa nani.

Ile ya dirisha ninayo mimi. Juzi tuliishusha ukutani niiandike, mke wangu akaisogeza karibu na macho. Kwenye kioo cha chini kuna kipande cheupe ambacho miaka yote tulidhani alisahau kukipaka. Kina umbo la mtu aliyeketi, kisanduku mapajani.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu