Kimeng'enya cha papai hakijakataa

Morogoro, 9 Julai

Mpendwa rafiki yangu,

Habari za Njombe na baridi lenu? Huku sote wazima. Nimeona nikujibu upesi kabla hujambadilishia mwanafunzi wako mradi. Tafadhali, usimbadilishie.

Unasema alitia maji ya papai kwenye maziwa akitegemea weupe upungue, yakawa mazito na kufanya mabonge, mkaona kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kimekataa. Hakijakataa. Papaini, ndicho kimeng'enya cha papai, ikikutana na maziwa, kwanza hukata sehemu ya kaseini, protini kuu ya maziwa, inayozuia chembe zake zisishikamane. Kinga hiyo ikiondoka, chembe hunatana na maziwa huganda, ndivyo jibini inavyoanza. Papaini ikizidi kukata, protini huvunjika vipande vidogo vinavyoyeyuka, na hapo mwanga hupita. Kwa hiyo weupe waweza kuongezeka kwanza ndipo upungue. Alichokiona ni matokeo halali, akiandike kama kilivyo, pamoja na muda kilipotokea.

Ila maziwa hayo ndiyo yanayomkwamisha. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana mafuta, na matone ya mafuta nayo hutawanya mwanga. Papaini haivunji mafuta, kwa hiyo hata akisubiri hadi kesho hayatang'aa. Atumie maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, gramu 1 kwa mililita 100 za maji. Yakiwa mepesi hivyo, mabonge hayawi makubwa.

Na papai lenyewe? Huko kwenu hufika sokoni likiwa limeiva au linakaribia, na papaini imo kwenye utomvu wa tunda bichi. Likishaiva, utomvu huwa umekwisha karibu wote. Hata mama zetu wakilainisha nyama ya mishkaki huchukua papai bichi. Ongeza na baridi ya Julai: papaini huchapa kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo neli za majaribio zikae kwenye beseni la maji ya moto, na kipimajoto kimo humo humo.

Uliuliza kwa nini neli ya kulinganishia, yenye maji ya papai yaliyochemshwa, nayo ilibadilika. Papaini ni sugu kwa joto, kuichemsha dakika moja hakutoshi. Tena Njombe iko juu, zaidi ya mita 1,900, maji yenu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Aichemshe dakika 15 nzima. Aongeze na neli ya maji matupu na papai bila maziwa, maana maji ya papai yana ukungu wake mwenyewe.

Kupima, achore alama ya X kwa kalamu nyeusi nyuma ya neli, ahesabu muda hadi aione vizuri. Kila akitaka kutazama aitikise kwanza, la sivyo mabonge yatatuama chini na juu kutaonekana kumeng'aa bure.

Mapapai ya nyuma ya nyumba yangu yamebeba. Nitayachanja kwa wembe asubuhi, nikaushe utomvu, niutie kwenye kichupa na kukaza kifuniko, kwani hewa huudhoofisha. Nitautuma kwa basi la Jumamosi, uwe stendi kuupokea. Avae glavu, utomvu huo huwasha ngozi.

Msalimie sana, na umwambie asifute lolote kwenye daftari lake.

Wako akupendaye.