Abdalla, karatasi yako usiwatumie bado

Leicester, Novemba 2025

Ndugu yangu Abdalla,

Salaam aleikum. Hamjambo huko nyumbani? Goti la mama mkubwa linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baridi imeanza mapema. Usininunie kwa ukimya huu. Ile karatasi yako ya hesabu za pointi za kriketi niliifungua siku ileile uliyoituma, nikakwama kwenye safu ya nne.

Tafadhali usiwatumie akina Jignesh bado. Unasema jumla zako hazilingani na jedwali la ligi ya kaunti za Uingereza na unadhani wenye jedwali ndio waliokosea. Hapana, umekosea wewe, tena makosa mawili yanayofichana.

La kwanza ni sare, yaani siku za mechi zikiisha bila mshindi. Umeipa pointi 5. Hizo zilikuwa za msimu wa 2023. Mwaka 2024 sare ikarudi kwenye 8. La pili ni pointi za nyongeza za kupiga: umeanzia mikimbio 200, utaratibu wa zamani. Tangu 2023 pointi ya kwanza unaipata ukifika 250, halafu 300, 350, 400, na ya tano 450. Za kurusha hazikuguswa: wiketi 3 (wapigaji watatu wakitolewa) pointi moja, 6 mbili, 9 tatu. Zote ni za zamu ya kwanza ya kila timu, ndani ya ova 110 za mwanzo, kila ova mipira sita. Ova ya 111 ikianza, duka limefungwa.

Ngoja nikuonyeshe. Timu A imefikisha ova 110 ikiwa na mikimbio 347 kwa wiketi 8. Ina pointi 2 za kupiga, siyo 3, kwa sababu ya mikimbio mitatu tu! Wapinzani nao wana 2 za kurusha, maana wiketi ya tisa ikianguka ova ya 112 haiwapi kitu. Ndiyo maana ukitazama ova ya 109 na ya 110 unaona mpigaji wa mwisho, ambaye hajui hata kushika gongo, anapepeta kila mpira, na nahodha wa upande wa pili amewarudisha wadakaji wake mpakani kuzuia mipira ya mikimbio minne. Baadaye Timu B inapiga 452 ndani ya ova 100, wote wametoka. Mechi ikiisha sare, A inapata 8+2+3, yaani 13, na B 8+5+2, yaani 15. Karatasi yako inasema 11 na 12. Umeona? A umeipa pointi ya bure ya kupiga, na tofauti ya mbili imebaki moja.

Ushindi ni 16, hapo uko sawa, kwa hiyo mechi moja haizidi pointi 24. Lakini aliyeshindwa umemwekea sifuri jumla. Kwa matokeo anapata sifuri, ila zile za kupiga na kurusha hazinyang'anywi.

Ukiona ninang'ang'ania sare, kumbuka Septemba 2016 pale uwanja wa Lord's, London. Kaunti ya Somerset walishamaliza mechi yao, wamekaa na pointi 226, wanaiombea sare. Middlesex na Yorkshire walikuwa wakicheza wao kwa wao, na wakati huo sare ilikuwa 5. Sare ingeiacha Middlesex na 219 na Yorkshire na 216, ubingwa uende kwa watu ambao hata uwanjani hawapo. Basi manahodha wakakubaliana: Yorkshire wakarusha mipira ya kulisha watoto, Middlesex wakajaza mikimbio upesi, wakafunga zamu, Yorkshire wakaachiwa mikimbio 240 ya kutafuta katika ova 40. Wakatolewa kwa 178. Mrushaji wa Middlesex, Toby Roland-Jones, alimalizia kwa wiketi tatu mfululizo, Middlesex 230, bingwa. Yorkshire wangeshinda wangefika 227, pointi moja juu ya Somerset, na hiyo moja waliipata kwa kuvuka 350 kwenye zamu ya kwanza. Sasa weka 8 badala ya 5 kwa kila sare ya msimu ule uone jedwali linavyogeuka... Somerset hadi leo hawajawahi kuchukua ubingwa huo. Mimi sioni kosa kwa manahodha wale, ijapokuwa Juma atabisha.

Halafu ongeza safu ya makato, na iruhusu namba hasi. Timu ikichelewesha ova hukatwa pointi moja kwa kila ova iliyopungua. Essex walikatwa 12 mwaka 2024 kwa sababu gongo la mchezaji wao halikupita kwenye kipimo cha waamuzi. Durham walianza 2017 na 48 chini ya sifuri, baada ya kushushwa daraja kwa sababu ya madeni. Karatasi yako ingewaonyesha wako sawa na wengine.

Blast, ile ligi ya mechi fupi za ova 20 kwa kila timu, usiichanganye humu, ifungulie karatasi yake. Ila ukifika kwenye wastani wa mikimbio, angalia mitego miwili. Ova 17.3 ni ova 17 na mipira 3 kati ya 6, kwa hiyo kwenye hesabu andika 17.5. Kompyuta haijui kriketi, itagawa kwa 17.3 bila aibu. Na timu ikitolewa yote katika ova ya 15, mikimbio yake igawe kwa ova 20 kamili. Ukisahau hilo, walioporomoka wataonekana mashujaa.

Sasa niambie: zile 200 ulizitoa wapi, kwenye daftari la marehemu mzee Harish? Nani atajaza matokeo jioni, wewe au Juma? (Siyo Juma, tafadhali.) Timu zikilingana pointi umeweka nini? Anza na ushindi mwingi, kisha vipigo vichache. Na wewe utamchagua nani daraja la kwanza, sasa kwa kuwa Leicestershire wetu wamepanda? Ukishasahihisha nirushie niipitie tena, kabla ya Aprili.

Msalimie Bi Zuhura.

Wako,
Kassim