Ng'ombe anakatwa vipande viwili

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma kweli. Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta hapa mtaani, kwa lugha ya Python hasa, na juzi tulikuwa kwenye kukata stringi (maandishi) kwa rejeksi (regex, alama za kuielekeza kompyuta itafute nini ndani ya maandishi), yaani una sentensi ndefu unaiambia kompyuta ikate kila ikikutana na alama fulani, koma, nafasi, nukta, halafu ikurudishie vipande. Karibu wote walishajifunza mtandaoni kwamba ukitaka maneno unakata kwa \W+, maana yake kata popote pasipo na herufi, tarakimu wala kistari cha chini. Haya, tukaweka "Ng'ombe wa maskini hazai." Maneno manne hayo, mtoto wa darasa la pili anayahesabu. Tukapata vipande sita! Ng kivyake, ombe kivyake, na mwisho kabisa kipande kitupu, kile kinatokana na ile nukta kwa sababu baada yake hakuna kilichobaki.

Hicho kitupu unakichuja tu, sio shida. Shida ni huyo ombe. Kompyuta imeona apostrofi, ile alama ya ' ndani ya ng', ikaichukulia kama koma, kumbe kwetu ile ni sehemu ya sauti yenyewe, huwezi kuitoa ng'ambo ikabaki ng'ambo, na ng'ang'ania ndo balaa inatoka vipande vitatu, ng, ang, ania. Mtu anatengeneza kamusi ya simu au anahesabu maneno ya Kiswahili kwa njia hii anajaza vitu ambavyo hakuna Mswahili amewahi kutamka. Hata don't ya Kiingereza inakatwa hivyohivyo, ila wenzetu wameshaizoea na wana zana zao za kuirekebisha, sisi nani atatutengenezea?

Dawa ipo na ni fupi, kata kwa [^\w'’]+, yaani kata popote pasipo na herufi, tarakimu, kistari cha chini wala apostrofi. Angalieni vizuri apostrofi ni mbili humo, iliyonyooka ya kibodi na iliyopinda ambayo Word, programu ya kuandikia, hupenda kuiweka yenyewe, ukisahau ya pili ng'ombe anachinjwa tena. Kama maandishi yana nukuu za alama moja zitanasa pembeni mwa maneno, hizo zing'oe baadaye mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande.

Ombi langu kwenu, mkichapa makala za kompyuta mifano iwe ya sentensi zetu, zenye ng' ndani yake, vijana waione hitilafu wakiwa bado wanajifunza.

Msomaji wenu,
Morogoro