Risala ya Kikundi cha Wasaidizi wa Kisheria kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Marehemu Dada Wakili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, wazazi wa marehemu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko na zaidi kwa kufika mwenyewe, maana tumeshazoea kupokea wawakilishi.

Historia yetu ni fupi. Kikundi kilianzia chini ya mkorosho, marehemu alipokuja kufanya utafiti wa shahada ya uzamili ya sheria kuhusu wajane na mashamba. Watafiti wengine hujaza madodoso wakaenda zao. Yeye alirudi kila likizo. Alitusomea kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, kisha akamtaka mama mmoja akiseme upya kwa maneno yake. Tukamwita Wakili, ingawa kila mara alitukatalia. Mauti yalimkuta hajatetea tasnifu yake.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna mhuri, akaunti ya benki na meza mbili. Tumesuluhisha migogoro mingi, ukiwemo ule wa mwembe wa mpakani, ambao Mwenyekiti anaufahamu vizuri.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Familia ilitukabidhi maboksi saba: vitabu, madaftari yake, na nakala za sheria alizozifafanua pembeni kwa kalamu, kwa Kiswahili chepesi. Yamehifadhiwa stoo ya chama cha msingi. Kila Oktoba korosho zikianza kuingia, maboksi yanatolewa barazani. Mchwa wameshafika boksi la nne. Daftari la mirathi, ambalo wajane ndilo wanaloliulizia zaidi, limebaki jalada.

Boma la ofisi na maktaba lilifika lenta mwaka 2021 kwa nguvu za wananchi, na hapo ndipo lilipo hadi leo. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi mabati, tukampigia makofi. Wa pili aliahidi kumkumbusha wa kwanza, naye tukampigia makofi. Wa tatu alipigwa picha ameshika bati, ambalo tulikuwa tumeliazima kwa jirani na jioni tukamrudishia.

Hatuombi gari wala kompyuta. Tunaomba mabati 48 ya geji 28, mbao za kenchi na misumari. Fundi tunaye na tutamlipa wenyewe. Ikikupendeza, Mheshimiwa, ukitamka ahadi utamke na tarehe yake. Katibu ameshafungua daftari.

Baada ya hapa utatembezwa kwenye boma. Tunaomba radhi, safari hii bati la kupigia picha hatukuazima.

Naomba kuwasilisha.