Kigiriki usikiache

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, na kifua cha baba yako kimetulia.

Uliposema kwenye simu kwamba unataka kuacha Kigiriki nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. La, nilikuwa nawaza. Una miaka 33, wenzako darasani wametoka kidato cha sita juzi tu, na wewe herufi zenyewe bado zinakuchanganya. Nikamkumbuka Erasmus wa Rotterdam, yule padri Mholanzi niliyekuwa nikiwasimulia.

Yeye alizaliwa nje ya ndoa, baba yake padri, na wazazi wote wawili wakafariki angali kijana. Kigiriki alikikazania mwaka 1500 huko Paris, miaka 30 imeshampita, mfukoni hana kitu. Mwanzoni mwa mwaka huo maofisa wa forodha wa Dover walikuwa wamemnyang'anya karibu akiba yake yote, kwa sababu sheria ya Uingereza ilikataza kutoka na sarafu za dhahabu na fedha. Akakusanya methali za kale kama 800, akazichapisha apate riziki. (Aliziongeza maisha yake yote, zikapita 4,000. Mimi nilimpendea hapo.) Na bado alimwandikia rafiki yake kwamba akipata pesa atanunua kwanza vitabu vya Kigiriki, nguo baadaye.

Mwaka 1516 ndiye aliyetoa Agano Jipya la Kigiriki, kwa mpiga chapa Froben wa Basel. Hapo pana jambo nataka ulione kwa macho yako. Nakala ya Ufunuo aliyoazima ilikuwa imechomoka karatasi ya mwisho. Kazi ilikuwa ya mbiombio, basi mistari iliyokosekana akaitoa kwenye Biblia ya Kilatini na kuigeuza Kigiriki yeye mwenyewe. Fungua 22:19. Kilatini chake kilisema “kitabu cha uzima”, kwa kuwa zamani mnakili mmoja alichanganya ligno, mti, na libro, kitabu. Kosa likaingia kwenye chapa yake, likafika hadi Biblia ya Kiingereza ya 1611. Yeye hakuficha alichofanya. Alikiandika katika maelezo yake.

Sasa soma Biblia yetu, ile ya Union yenye jalada jeusi uliyoachiwa na babu. Inasema “mti wa uzima”. Kuna watu walikaa na Kigiriki, wakalinganisha nakala kwa nakala, ndiyo maana mimi huku kijijini nasoma mti. Nilipoligundua hilo nilisoma mstari ule mara tatu kwa sauti, baba yako akauliza kuna nini.

Pesa ya kamusi nimekutumia kwa simu leo asubuhi. Viatu ulivyoomba tutanunua maharage yakiuzwa.

Mama yako